Toba ya Manase: Wafalme au Mambo ya Nyakati?

Msomaji wa Zamani: Ndugu zangu, katika Biblia, 2 Wafalme 21 inamweleza Manase, aliyetawazwa mfalme wa Yuda akiwa na miaka 12 na kutawala miaka 55, kuwa mwovu mwanzo hadi mwisho. 2 Mambo ya Nyakati 33 inaanza karibu kwa maneno yale yale, kisha inasema majemadari wa Ashuru walimfunga wakampeleka Babeli, akaomba, akarudishwa, akaziondoa sanamu. Tumwamini nani? Mimi naona mwandishi wa pili aliipika toba hiyo, kwa kuwa hakuweza kueleza kwa nini mtu mbaya alitawala muda mrefu kuliko wafalme wote wa Yuda.

Katekista: Neno "aliipika" limeniudhi. Kwaresima hii nimewafundisha watoto toba hiyohiyo. Je, niliwalisha mapishi? Mmoja kunyamaza hakumfanyi mwenzake kuwa mwongo.

Msomaji wa Zamani: Sikumtukana mtu. Mwandishi huyohuyo alisimulia vita vya Daudi vya Raba bila kumtaja Bathsheba, mke wa mtu aliyechukuliwa na Daudi, wala mumewe Uria. Anayeweza kupunguza anaweza pia kuongeza.

Mwalimu Mstaafu: Tuache jiko, turudi kwenye maandiko. 2 Wafalme 23:12 inasema mfalme Yosia, aliyetawala baadaye, alizibomoa madhabahu ambazo Manase alizijenga katika nyua mbili za hekalu. Ikiwa baba alikwisha kuziondoa, mwana alibomoa nini?

Binti wa Pwani: Mwalimu, shikamoo, lakini Yosia ni mjukuu, mwana ni Amoni. Tena Mambo ya Nyakati yenyewe inasema Manase alizitupa nje ya mji, haisemi alizivunja, na aya chache mbele Amoni anazitolea sadaka sanamu za baba yake. Kilichotupwa huokotwa.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, nimekosolewa kwa haki, ingawa hilo la mjukuu halijibu swali langu. Niongeze kwamba maandishi ya Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, yanamtaja Manase miongoni mwa wafalme waliolazimishwa kupeleka vifaa vya ujenzi Ninawi, mji mkuu wa Ashuru. Huyo ni mtumishi mtiifu, si mfungwa.

Binti wa Pwani: Mtumishi wa leo anaweza kushukiwa kesho. Baadaye, Ashurbanipal akiwa mfalme wa Ashuru, ndugu yake aliyetawala Babeli alimwasi mwaka 652 KK, na vita vikadumu hadi 648. Wapo wanaodhani Manase alitiwa mashakani wakati huo, na ndiyo sababu inatajwa Babeli badala ya Ninawi. Hata hivyo, hilo likithibitika litathibitisha safari tu; toba haiachi magofu.

Katekista: Afadhali wewe. Aliyesema "aliipika" bado hajaomba radhi.

Msomaji wa Zamani: Naomba unijibu kwanza: ikiwa alisamehewa, mbona 2 Wafalme 24 inasema Yuda iliangamia kwa ajili ya dhambi za Manase, na kwamba Bwana hakukubali kusamehe?

Katekista: Kusamehewa kwa muuaji hakuwafufui waliouawa. Damu aliyoimwaga Yerusalemu ilibaki.

Binti wa Pwani: Kwa hiyo vitukuu walilipa deni la babu? Mambo ya Nyakati haikubali. Katika sura ya 36 inamlaumu Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, makuhani na watu wa wakati wao waliowadhihaki manabii, na Manase hatajwi kabisa. Naona hapo ndipo waandishi hawa wanapoachana hasa.

Msomaji wa Zamani: Nakubali. "Aliipika" naliondoa, naweka "aliichagua".

Katekista: Nimepokea. Sasa na yule wa Wafalme umwandikie kwamba alichagua kunyamaza.