Yule mkaguzi wa tramu pale Kálvin tér kanipigia mluzi kama mbwa, na mama yangu kausikia!

Mluguru wa Pest:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, hata koti sijavua. Mliopo Budapest mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa tramu za 47 na 49, mwenye masharubu yaliyopinda juu kama pembe za nyati, anayechomoa mfukoni kitambaa cha ukaguzi cha kuvaa mkononi milango ikishafungwa. Huyo huyo. Leo kanipigia mluzi. Mimi! Mluzi!

Iko hivi. Nimepanda metro, treni ya chini ya ardhi, ya M2 pale Keleti, tiketi nimenunua kwa hela yangu, nimeigonga kabla sijashuka ngazi za umeme, na watu wameona. Deák tér nikatoka kubadilisha hela kidogo, nikapanda tramu ya 49 niende Gellért. Niko zangu dirishani naongea na mama, yupo Morogoro, simu nimeweka sauti ya nje maana ya sikioni imekufa. Tumepita Astoria, tunakaribia Kálvin tér. Mara nyuma yangu: fyuuuuu! Mluzi mrefu, ule wa kumwita mbwa aliyekimbilia kichakani. Nikajua kuna mtu kapotelewa na mbwa kweli, maana hapa wanapanda nao tramu. Nageuka, naona kidole kinaniita mimi.

Mama kwenye simu anauliza: "Mwanangu, nani huyo anaita mbwa?"

Wakuu, ningemjibu nini mama yangu? Kaniombea miaka nipate ufadhili wa kuja kusoma huku, kauza mpunga nipate nauli, leo anasikia mwanawe anaitwa kwa mluzi!

Akaichukua tiketi, akaiinua juu kama refa na kadi nyekundu, akamwaga Kihungari kirefu kama treni ya mizigo, kisha faini. Hela ya kula wiki nzima. Faini nimelipa, imepita. Mluzi haujapita. Mluzi ule umetoka Kálvin tér, umevuka Danube, umegonga milima ya Buda, umeruka bahari na kutua Morogoro, na jirani zetu wameusikia. Mtu mzima huitwa kwa mdomo. Kama hujui jina lake, lipo neno lao wenyewe, "elnézést", yaani samahani, mimi nililijua wiki ya kwanza. Yeye kazaliwa nalo, kachagua mluzi!

Kaa la Moto:
Pole mkuu. Hebu sema kweli: tiketi ilikuwa ya safari moja?

Mluguru wa Pest:
Ya safari moja, na safari ilikuwa moja. Nilikuwa nakwenda Gellért. Hoja hapa ni mluzi.

Kaa la Moto:
Basi faini ni halali yako. Tiketi ile inakuruhusu kuhama metro kwa metro tu. Ukitoka ukapanda tramu, imekufa. Ungechukua ya dakika 30 au ya 90, ungehama mpaka uchoke.

Binti Keleti:
Mimi nimekwama hapo hapo kwenye ramani. Keleti hadi Gellért si M4 moja kwa moja, kaka? Kituo cha tano unashuka, hakuna kuhama. Imefunguliwa 2014, siyo jana. Deák ulifuata nini?

Mluguru wa Pest:
KUBADILISHA HELA. Nimeandika, dada. Someni kwanza!

Mzee wa Vumbi:
Mbwa wa Budapest analipiwa tiketi. Labda jamaa alikuwa anamtafuta mbwa mwenye tiketi halali, akakukuta wewe huna. 😂

Mluguru wa Pest:
Wewe cheka. Siku mama yako akiusikia huo mluzi utanitafuta.

Daktari Mtarajiwa:
Mluzi kitu gani? Njooni Debrecen muone. Wahungari jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo kwenye kila foleni mimi naitwa kwa jina la babu. Miaka 2 sasa. Babu alishafariki, Mungu amrehemu. Wanaita, nakaa kimya, namba inapita, narudi nyuma ya foleni. Wiki iliyopita nimesimama kwa muda wa saa 3 kwa ajili ya karatasi moja, dirisha likafungwa mbele ya pua yangu. Tramu zetu ni mbili tu, ya 1 na ya 2, hakuna pa kupotea. Ila jina langu lilishapotea.

Binti Keleti:
Hilo ni kweli kabisa. Na wewe mwenye uzi, unasema "Pest" au "Pesht"? S yao ni sh. Ukisema vibaya wanakukazia macho.

Jiko la London:
Wageni wote tunalia kilio kimoja. Huku jikoni nafanya kazi na Wahungari wawili, mke na mume kutoka Miskolc. Kila wiki lazima mteja awaulize "Bucharest kukoje?" Bucharest iko Romania! Yule mama anaweka kisu chini, anavuta pumzi, ndiyo anajibu. Wakitoka kwao sanduku nusu ni paprika, nusu soseji. Wanatuma hela nyumbani kama sisi. Jumapili wanampigia bibi simu, mtoto wao anamjibu bibi kwa Kiingereza, na mama mtu anageukia ukutani. Inauma, jamani.

Njia Panda:
Na wapo ambao hawakuhama popote, mpaka ndio uliowahama. Nimesoma Cluj, Romania. Bibi mwenye nyumba ni Mhungari, mji anauita Kolozsvár. Ukitamka Cluj hakuitikii, hata uwe umeshika kodi mkononi. Mkataba wa Trianon wa 1920, ule ulioukata mji huo kutoka Hungary ukapewa Romania, anausimulia kama msiba wa juzi, na chai inapoa.

Mluguru wa Pest:
Wakuu, turudi kwenye mluzi.

Jamaa wa Lodwar:
Buda, yaani mzee, na sikuiti mji. Wewe umepigiwa mluzi mara moja. Sisi Mhungari alikuja 1888, Count Teleki, akafika kwenye ziwa letu, akalibatiza Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wao huko Austria. Watu wapo, wanavua samaki, hakuna aliyewauliza! Tukakaa na hilo jina hadi 1975 ndipo likawa Turkana. Na Mlima Kenya ukipanda leo kwa njia ya Naro Moru bado unapitia bonde la Teleki. Nani wa kulalamika hapa?

Kaa la Moto:
Angalau wamewapa biro. László Bíró, mzaliwa wa Budapest, akahamia Argentina. Kalamu mnaiita kwa jina lake.

Mzee wa Vumbi:
Biro ni Kenya. Sisi ni peni.

Jamaa wa Lodwar:
Peni ni Kiingereza, mzee. Bora biro, walau ni jina la mtu.

Mzee wa Vumbi:
Kalamu basi. Hapo utasema nini?

Mswahili wa Mji Mkongwe:
Kalamu ni sawa. Na huo mnaouita mluzi, sie twaita mbinja.

Mluguru wa Pest:
Uitwe mbinja, uitwe mluzi, NIMEPIGIWA. Na mama kapiga tena sasa hivi anauliza yule mbwa alipatikana au la!

Mzee wa Vumbi:
Mwambie kapatikana, kalipa faini. 😂😂

Binti Keleti:
Jamani, kuna anayejua kupika lángos, ile mikate yao ya kukaanga, nyumbani? Za mitaa ya watalii bei imenishinda.

Daktari Mtarajiwa:
Unga wa ngano, hamira, chumvi, maji ya uvuguvugu. Wengine wanaponda na kiazi humo. Acha uumuke, tandaza kwa mkono, kaanga kwenye mafuta mengi. Ikiiva paka kitunguu saumu, maziwa ya mgando na jibini.

Binti Keleti:
Kiazi kichemshwe kwanza?

Daktari Mtarajiwa:
Kichemshwe, dada. Na kipoe.