DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) na kozi ya uandishi kwa chuo kizima: zibaki, zifutwe, au zihamie kwenye kozi za idara?

Mtoto_wa_Kibangu:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kaanza mwaka wa kwanza uhandisi, jana tunakula kaanza kulalama eti DS na stadi za mawasiliano zinamlia muda, yeye kaja kusomea umeme siyo insha. Nikacheka maana na sisi tulilia hivyohivyo. Kumbe Marekani nako wanabishana kuhusu kufuta masharti ya chuo kizima, yale ya kozi ya uandishi na kozi ya tamaduni mbalimbali. Tulinganishe basi. Moja, zibaki zilivyo, wote mnajazana lekcha moja. Mbili, zifutwe, kila idara ijipangie. Tatu, mtindo ule wa bendera ulioanzishwa University of Texas pale Austin, Marekani, yaani hakuna kozi ya pembeni, kozi ya kawaida ya idara ndo inabandikwa bendera ya uandishi au ya tamaduni, ukiifaulu umemalizana na sharti. Mimi naegemea ya tatu ila sijakaa sawa.

fundi_volti:
Futa. Chuo nilichosoma, sikitaji, DS tulikuwa mia kadhaa ukumbi mmoja wengine wamekaa kwenye ngazi, spika zinakoroma, mtihani wa kuchagua A B C D, desa (notsi za kukariri) linauzwa steshenari kwa buku. Nilipata B+ na ukiniuliza leo nilijifunza nini nakuangalia tu. Halafu huo utofauti wa tamaduni nifundishwe mimi Mnyakyusa niliyelala bweni moja na Muha na Mmakonde? Tangu 2013 JKT imerudi kwa waliomaliza fomu siksi, madogo wanashea mpaka sabuni kule. Na sekondari sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Mara ngapi kitu kimoja?

dada_wa_Sinza:
Mkuu fundi usifunge kuni mbili mzigo mmoja, DS ni DS na kuandika ni kuandika. Mimi kazini napitia barua za maombi ya kazi. Mtu ana GPA ya 4.1 na barua yake huelewi anaomba kazi au anaomba msamaha. Siyo kosa lake, kasoma msingi kwa Kiswahili, fomu wani kageuziwa Kiingereza, miaka yote anakariri, anafika chuo hajawahi kuandika kurasa tatu za mawazo yake mwenyewe akarudishiwa zina wino mwekundu. Hata Brown University ya Marekani waliofuta masharti karibu yote mwaka 1969 na kumwachia mwanafunzi ajichagulie kozi, uandishi hawakuuachia, lazima uoneshe unaweza. Jiulizeni kwa nini.

Mzee_wa_Changanyikeni:
Wanangu, hizi kozi hazikuanguka toka mbinguni. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya JKT, hasa ile kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakati wa utumishi. Mwalimu akawatimua karibu 400 warudi kwao, na hasira zile akakata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ukafanyika mkutano palepale Mlimani kujadili chuo kina kazi gani kwenye nchi ya kijamaa, na hoja ya kozi ya pamoja ikashika kasi. Taasisi ya kufundisha DS ikaja 1973. Shida iliyokuwepo ni msomi anayejiona hadaiwi kitu na aliyemlipia ada kwa pamba na kahawa. Hilo swali bado lipo wanangu, nyie mna bumu (hela ya mkopo), zamani tulikuwa na hasira. Ila kwa kweli kulifundisha kwa A B C D ni kulizika.

TA_mchovu:
Naongea nikiwa na rundo la kusahihisha mbele yangu. Bendera ni nzuri kwenye karatasi. Lakini kule Texas bendera ya tamaduni ilivyowekwa ilitaka angalau theluthi ya alama itoke kwenye mada hiyo, na ya uandishi ilitaka mwanafunzi aandike, arudishiwe na maoni, aandike tena. Nani atarudisha? Sisi semina moja una watu sitini na semina zenyewe unazo tano. Mkileta bendera bila wasahihishaji itakuwa kitambaa tu. Na mkifuta, idara ya uhandisi haitajipangia uandishi wowote, itaongeza hesabu, nawajua. Mimi ningeanza na ripoti ya PT, yale mafunzo kwa vitendo. Kila mhandisi anaandika, na nyingi zimekopiwa za mwaka jana mpaka tarehe zimesahaulika kubadilishwa. Isomwe kweli, irudishwe, iandikwe upya, na ndani yake kuwe na sura ya watu wa pale mtambo ulipo, wanalipaje umeme, nani hana. Hapo DS na uandishi umepiga vyote bila ukumbi wa mia nane.

fundi_volti:
Hapa TA umenikamata. Supavaiza wangu wa PT, mzee mmoja mkali, alinirudishia ripoti mara tatu, ya mwisho akaandika pembeni "nani atasoma hii?" tu. Nilimchukia wiki nzima. Lakini ripoti zote ninazoandika kazini leo naziandika kwa lile swali. Sawa, uandishi ubaki, ila kwa njia hiyo. DS ya ukumbini bado nasema ifutwe.

dada_wa_Sinza:
Ifutwe ukumbi, siyo DS 😂

Mtoto_wa_Kibangu:
Nimeenda chumbani kumsomea dogo maoni yenu. Anasema hana muda, ana testi ya DS keshokutwa, na anaomba buku la desa.