Kompyuta 3, walimu 11, diski zinajaa na maksi zinagongana: nipangeje mafaili ya shule?

MwalimuKisauni

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ndogo ya binafsi huku Kisauni. Mwalimu mkuu amenikabidhi kompyuta za chumba cha walimu, na nataka nizipange zikae sawa kabla ya mitihani ya kufunga muhula.

Hali yenyewe ni hii. Tuna kompyuta 3 za mtumba, kila moja ina diski ya SSD ya GB 256, na walimu tuko 11. Hakuna mwenye mashine yake; anayepata kiti anakaa. Tunaandika maazimio ya kazi, maandalio ya somo, karatasi za mitihani, orodha za maksi na barua za wazazi. Intaneti ni ya faiba, lakini mvua za masika zikishika hukatika, na stima nayo hupotea bila hodi.

Mwaka jana tulikuwa na akaunti moja ya Windows na akaunti moja ya Google kwa watu wote, tunalipia GB 100. Mwenzetu mmoja akaona kompyuta imejaa, akafuta mafaili "ya zamani" apate nafasi ya video za siku ya michezo. Hakujua kuwa ukifuta pale, kunafutika kila mahali. Karatasi za mtihani za Gredi ya 4 hadi ya 7 zikaondoka zote. Tuligundua baada ya wiki sita, na tupio la Google Drive huwa linajisafisha baada ya siku 30. Tuliandika upya usiku, kila mtu kwake, kwa simu. Simlaumu, alikuwa anajaribu kusaidia.

Muhula huu nikafanya nililodhani ndilo sahihi. Kila mwalimu nimemfungulia akaunti yake ya Windows kwenye kila kompyuta, na ndani ya kila akaunti nimeweka programu ya Google Drive, nikaingia kwa ile ile akaunti ya shule. Nikachagua mafaili yakae kwenye kompyuta yenyewe, kwa ajili ya zile siku za kukatika intaneti. Folda ya shule ina GB 31. Mashine iliyo karibu na dirisha, ambayo walimu 6 wameshaitumia, imebakiwa na GB 2. Nilisafisha takataka za Windows ikapata GB 9, keshoye imerudi pale pale.

Lakini kinachoniuma zaidi ni orodha za maksi. Faili la Gredi ya 6 limezaana, sasa yako matatu. Ijumaa nilikaa na mwalimu wa darasa, watoto 38, tukayasoma yote matatu mstari kwa mstari. Mtoto mmoja ana 71 ya Kiswahili kwenye faili moja, na 17 kwenye jingine. Ilibidi tukatafute karatasi yake kwenye rundo kabatini. Alikuwa na 71. Je, tusingeipata ile karatasi?

Naomba ushauri wenu, hata wa kunikosoa.

FundiMakupa

Mwalimu, hesabu yako iko wazi, na wewe ndiwe mwalimu wa Hisabati. Diski ya GB 256 ndani ya Windows husomeka kama 238 hivi. Walimu 6 mara GB 31 ni 186. Zimebaki 52, na Windows pamoja na Office na vinginevyo vinakula karibu 50. Ndizo hizo GB 2 zako.

Kila akaunti ya Windows ni nyumba yake. Google Drive ya mwalimu wa kwanza haijui kama ya mwalimu wa pili ipo, hivyo kila mmoja anashushiwa nakala yake kamili. Akiingia wa saba hapo, hazitatosha. OneDrive na Dropbox ni vivyo hivyo, usihangaike kuhama.

Baharini_Nyali

Mimi nina njia rahisi, kaka. Tengeneza folda moja nje ya akaunti za watu, mathalani D:\SHULE, iwe wazi kwa wote. Halafu akaunti moja tu, yako wewe, ndiyo iwe na Google Drive inayosawazisha folda hiyo, yaani kuifanya ilingane na ile ya mtandaoni. Nakala inakuwa moja, GB 31 badala ya 186. Kazi imekwisha.

BintiTudor

@Baharini_Nyali ndugu yangu, hapo kwenye nafasi umepatia, lakini kuna shimo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kutumbukia. Google Drive hufanya kazi pale tu mwenye akaunti yake anapokuwa ameingia. Mwalimu akiwa hayuko siku hiyo, au yuko kwenye mashine nyingine, watu wataandika ndani ya D:\SHULE kutwa nzima na hakuna kitakachopanda mtandaoni. Wataona wamehifadhi. Kesho mwingine anafungua kwenye kompyuta ya pili, anakuta ya juzi, anaanza kuandika juu yake. Na ukimwekea mtu wa pili programu ya kusawazisha folda ile ile, ndiyo unaongeza vita.

Nadhani hata mapacha ya Gredi ya 6 yametokana na jambo la namna hii. @MwalimuKisauni, hebu niambie: walimu wakimaliza wanafanyaje? Wanabonyeza kuhifadhi, wanatoka kwenye akaunti papo hapo, wanakimbilia darasani?

MwalimuKisauni

Ndiyo dada. Kengele ikilia mtu anahifadhi na kutoka, kwa sababu mwenzake amesimama nyuma ya kiti. Na mimi ndiye niliyewasisitizia watoke, wanafunzi wasije wakaona mitihani.

BintiTudor

Basi ndilo hilo. Kuwaambia watoke ni sahihi kabisa, usiliache. Tatizo ni kwamba akitoka, programu inazimwa kabla ya kupandisha faili. Maksi zinabaki kwenye nyumba yake ndani ya mashine ya dirishani, zinamngoja arudi kwenye mashine ile ile. Akiketi kwingine, anaandika upya juu ya faili la kale. Siku atakaporudi pale dirishani, matoleo mawili yanakutana na Google Drive haithubutu kulifuta hata moja. Kwa hiyo linazaliwa la pili.

Hizi programu za kusawazisha zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye vyombo vingi: kompyuta ya kazini, ya nyumbani, simu. Wewe uko kinyume chake, una watu wengi kwenye chombo kimoja. Kwa hali yako, nakushauri uzitoe kabisa kwenye akaunti za walimu, wafanye kazi ndani ya kivinjari. Anachoandika mtu kwenye kivinjari kinahifadhiwa kule juu kadiri anavyoandika, hakuna cha kungoja kupandishwa. Na diski haijai.

Maksi zihamishe kutoka Excel ziende Google Sheets. Faili moja kwa gredi, somo moja kwa ukurasa wake, na kila ukurasa uufunge ili mwalimu wa somo hilo tu aweze kuuandika. Walimu watano wanaweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Na historia ya matoleo itakuonyesha nani alibadilisha 71 ikawa 17, na saa ngapi. Lakini hilo halitawezekana mkiendelea kutumia akaunti moja, kwa sababu wote mtaonekana mtu mmoja.

Kwa hivyo akaunti. Shule inayotambuliwa rasmi inaweza kuomba Google Workspace for Education Fundamentals, yaani huduma za Google kwa shule, na haina malipo. Google huikagua shule kwanza, kwa hiyo andaa hati za usajili. Mtahitaji anwani yenu ya mtandaoni. Za shule hapa Kenya huishia na .sc.ke, na ada yake ya mwaka ni ndogo. Hifadhi ni TB 100 (kama GB 100,000) kwa shule nzima, GB zako 31 hazitaonekana humo. Na mtapata kitu kinaitwa hifadhi za pamoja, ambacho Gmail ya kawaida haina. Faili likiwa humo ni mali ya shule. Mwalimu akihama, akaunti yake ikafungwa, maazimio yake ya kazi yanabaki. Wape walimu cheo cha mchangiaji: anaongeza, anahariri, lakini hawezi kufuta wala kuhamisha. Usimamizi uwe kwako na kwa naibu wa mwalimu mkuu tu.

Kwa yale yaliyowapata mwaka jana, hapo ndipo penye dawa.

KijanaWaSeva

Mnasahau intaneti hukatika. Mimi ningemshauri Syncthing. Ni ya bure, inasawazisha kompyuta kwa kompyuta kupitia ruta yao wenyewe hata kama faiba imekatika, na inaweza kuwekwa iwake pamoja na mashine bila kungoja mtu aingie. Lile shimo la D:\SHULE linazibika. Ukitaka, inaweka pia matoleo ya zamani ya faili.

FundiMakupa

@KijanaWaSeva ninaipenda Syncthing, ninaitumia. Ila walimu wawili wakibadilisha faili moja kwenye mashine mbili, nayo huzaa faili lenye maneno "sync-conflict" kwenye jina. Kwa orodha za maksi tumerudi kule kule. Kwa picha na video za siku ya michezo, hapo sawa, maana hakuna anayezihariri.

Na hizo video, mwalimu, zitoe kule juu. Nina hakika ndizo nusu ya GB 31. Nunua diski ya nje.

MzaziBamburi

Mimi si mtu wa kompyuta, ni mzazi tu, lakini nimesoma mpaka hapa na nimeona nisikae kimya. Ndani ya hayo mafaili mna majina ya watoto wetu, tarehe za kuzaliwa, simu zetu, pengine hata barua za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na kwa watoto inataka mzazi aridhie. Je, yako folda ile ile ya mitihani na maazimio, anayoifungua kila mtu?

MwalimuKisauni

Iko folda ile ile, mzazi wangu. Nilipokusoma nimeinuka kwenye kiti nikaenda kuangalia. Kuna barua 4 za hospitali humo, na mwanafunzi wa mazoezi wa ualimu aliyemaliza nasi mwaka jana bado ana nywila ya akaunti ya shule. Nimeibadilisha sasa hivi na kuondoa vyombo vyote vilivyokuwa vimeingia. Shukrani sana.

BintiTudor

Umefanya vyema. Kwenye mpango mpya fungua hifadhi tatu mbalimbali: ya masomo, walimu wote waingie, ya mitihani, kila mwalimu aingie folda yake pekee hadi karatasi ichapishwe, na ya watoto, wewe, naibu na mwalimu mkuu.

Kuhusu intaneti kukatika: mashine moja tu, iliyo na printa, iwe na Google Drive kwenye akaunti ya naibu. Iwe katika hali ile ya kutiririsha, ambapo unaliona jina la faili lakini lenyewe linashuka unapolifungua. Wiki ya mtihani abonyeze folda ya karatasi zilizokamilika na kuchagua zipatikane nje ya mtandao. Mvua inyeshe itakavyo, karatasi zitachapishwa.

MzeeWaLikoni

Mwanangu mwalimu, nimefundisha miaka 34, nimestaafu. Orodha ya maksi ikikamilika ichapishe, mwalimu wa darasa atie sahihi, ikae kwenye faili la karatasi ofisini. Uliokolewa na karatasi ya yule mtoto iliyokuwa kabatini, usilisahau hilo.

Na ile diski ya nje usiiache mezani karibu na dirisha. Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma. Itie kwenye kopo lenye kifuniko, na mara moja kwa mwezi iunganishe, nakili kila kitu, ichomoe. Ikibaki imechomekwa, mtu anayetafuta nafasi anaweza kuifuta nayo.

MwalimuKisauni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Google walituomba cheti cha usajili mara ya pili kwa sababu nakala ya kwanza haikusomeka, kisha wakakubali. Akaunti 11 ziko tayari, kila mtu kwa jina lake. Nimeondoa Google Drive kwenye akaunti zote za walimu na kufuta zile nakala. Mashine ya dirishani sasa ina GB 181 wazi. Video zilikuwa GB 19, FundiMakupa hukukosea, ziko kwenye diski, na diski iko kwenye kopo la biskuti ndani ya kabati la naibu.

Maksi za Gredi ya 6 tumezijaza jana, walimu wanne kwa pamoja kwenye mashine tatu na simu moja. Mwalimu wa Kiswahili aliandika, akainuka kengele ilipolia, akatoka. Nikakaa palepale alipokuwa, nikaingia kwa akaunti yangu, na maksi zake zote 38 zilikuwepo.

Swali moja limebaki. Mashine hizi zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na ni za zamani mno kuipokea Windows 11. Kwa kuwa sasa kila kitu kiko kwenye kivinjari, nimeambiwa kuna ChromeOS Flex, mfumo wa Google unaowekwa kwenye kompyuta badala ya Windows. Kuna aliyeijaribu na printa ya kawaida ya USB?

FundiMakupa

Ninayo hapa karakana. Usiifute Windows kwanza. Iweke kwenye flashi, washa mashine ukitumia flashi hiyo, chomeka printa yako, chapisha karatasi moja ya mtihani yenye michoro. Ikitoka sawa, nipigie ujumbe hapa nikuelekeze kuiweka moja kwa moja. Nyingi zinakubali, ila ya kwenu lazima uione kwa macho.