Abercrombie & Fitch na saizi 10: ufundi au majivuno?

Jinzi_Pana: Wadau, kila chapa ikibania saizi, watu wanamtaja Mike Jeffries, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa chapa ya nguo ya Marekani Abercrombie & Fitch. Mwaka 2013 jinzi zao za kike ziliishia saizi 10, na blauzi L. Kulikuwa na sababu ya kiufundi? Na anayetaka kuongeza saizi leo aanzie wapi?

MkasiMkali: Ufundi haukuwa kikwazo. Duka hilohilo liliuza XL na XXL za wanaume, kwa hiyo wakataji na mashine walikuwapo. Jeffries mwenyewe aliliambia jarida la mtandaoni Salon mwaka 2006 kwamba nguo zao ni za vijana wazuri wanaopendwa, na akakubali waziwazi kuwa wanabagua. Kauli ikalala miaka 7, ikafufuliwa na tovuti ya habari Business Insider Mei 2013. Hapo moto ukawaka: saini za kupinga zikakusanywa kwenye tovuti ya Change.org, mwanablogu Jes Baker akapiga picha za kuwakejeli akiwa amevaa fulana yao. Kuna aliyegawa nguo zao kwa watu wasio na makazi huko Los Angeles, jambo lililowaudhi wengi, na kwa haki: maskini si tusi. Novemba kampuni ikaahidi saizi kubwa mtandaoni. Desemba 2014 Jeffries akaondoka. Ila tusidanganyane, mauzo nayo yalikuwa yanaporomoka.

Nyuzi_Nne: Nijibu la pili. Kosa kubwa ni kuchukua paterni (kiolezo cha kukatia nguo) ya saizi 6 na kuitanua tu. Kwa vipimo vya Marekani, kutoka saizi moja hadi nyingine huongezwa kama inchi 1 kwenye saizi ndogo, inchi 1½ kuanzia 12, na inchi 2 huko juu. Ukitanua kila upande sawasawa, bega linadondokea mkononi, kwa sababu mfupa haunenepi. Shingo inaachama na kwapa linaning'inia. Chora paterni ya msingi upya, tuseme kwenye 18, uijaribishe kwa mtu halisi wa saizi hiyo, ndipo upandishe na kushusha kwenda saizi nyingine.

Kwenye jinzi, tazama mgongoni. Nyonga zimebana, kiuno kinapwaya hadi ngumi inaingia. Usikate mkanda wa kiuno ulionyooka, ukate wenye kupinda. Refusha mshono wa nyuma unaopita makalioni, na mjaribishe mtu akiwa *amekaa*. Abercrombie wenyewe walikuja kutoa jinzi za Curve Love mwaka 2019: inchi 2 zaidi nyongani na mapajani.

Jinzi_Pana: Na wanaosingizia gharama ya kitambaa?

Nyuzi_Nne: Kitambaa kinaongezeka, kweli, lakini hata kutoka 2 hadi 10 kinaongezeka na bei haibadiliki. Kinachouma mfukoni ni paterni ya pili na sampuli zake, na hiyo unailipa mara moja kwa kila mtindo.

MkasiMkali: Na saizi hizo zitundikwe dukani pamoja na nyingine, kwa rangi zote. Chapa nyingi hutoa nyeusi tu, tena mtandaoni, halafu zinadai hazina wateja.