Majibu ya nyama wiki ya sita sasa: tungoje mtaalamu, au mashine isome?

Mama Tunu wa Kange
Habari za humu ndani. Mdogo wangu alipata uvimbe titi la kushoto. Tukaenda hospitali ya rufaa, sitaitaja, akapigwa ganzi wakakata kinyama kikapimwe maabara, tukaambiwa majibu baada ya wiki tatu. Leo ni wiki ya sita. Kila tukipiga simu tunaambiwa foleni ndefu, msomaji ni mmoja, naye yuko safarini. Kila asubuhi mdogo wangu anasimama mbele ya kioo anaupima ule uvimbe kwa kidole gumba, halafu anavaa kanga haraka watoto wasimwone.

Hoja yangu ni hii. Marekani waliruhusu mwaka 2021 programu ya akili mnemba inayoitwa Paige Prostate isaidie kusoma nyama ya tezi dume. Kwa nini slaidi zetu, vile vioo vinavyobandikwa kinyama, zisipigwe picha zikasomwa na mashine, au zikatumwa kwa intaneti kwa mtaalamu aliye nje? Naomba hoja. Pole nimeshapewa nyingi.

Ngalawa
Naunga mkono hoja. Na kusoma kwenye skrini si jambo la kubahatisha. Hao hao Wamarekani waliruhusu mfumo wa Philips tangu 2017, mtaalamu hashiki tena slaidi ya kioo mkononi. Huku kwetu mtu mmoja akisafiri, wagonjwa wa mkoa mzima wanakaa roho juu. Wenye taaluma wanalinda ugali wao, hakuna kingine.

Fundi wa Slaidi
Ngalawa, ugali upi? Huu ni mwaka wangu wa 14 maabara ya patholojia, wanaposoma vinyama kwa hadubini, nimekata nta mpaka kidole cha shahada hakina alama. Kwanza hiyo programu haitoi jibu la mwisho. Inamwonyesha daktari mahali pa kutilia shaka kwenye slaidi, na uamuzi unabaki kwake. Pili, imeruhusiwa kwa tezi dume. Titi ni habari nyingine.

Lakini ngoja nikwambieni tunachopokea dirishani. Jumatatu asubuhi inaletwa chupa, ndani yake kuna titi zima limeshindiliwa kama nguo kwenye mfuko wa safari. Fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, inatakiwa iwe kama mara kumi ya nyama yenyewe. Hii imelowesha juu tu. Imekatwa Ijumaa. Nikipasua katikati, nje imekakamaa na kupauka kama nyama iliyochemshwa, ndani bado nyekundu na imeanza kuvunda. Fomu imeandikwa neno moja, "uvimbe". Hakuna umri, hakuna upande wa kulia wala kushoto. Ile nyama naipitisha kwenye spiriti, naizamisha kwenye nta, naikata vipande vya mikroni 4, naipaka rangi. Viini vya seli vilipaswa kuwa vya zambarau, vimefifia kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Mashine ikasome nini hapo? Dada Mama Tunu, usianze na mashine. Nenda kaulize namba ya maabara ya sampuli yenu.

Mzee wa Mtaa wa Pili
Mnazunguka mbuyu. Kosa lilifanyika siku walipomkata. Kansa haitaki chuma. Mama mkwe wangu alikaa na uvimbe wake miaka minne, analima, anabeba kuni. Wakamkata kinyama, miezi mitano tukamzika. Hiyo sikuhadithiwa, niliona kwa macho yangu.

Sista Wodi ya Nne
Mzee, shikamoo, lakini maneno hayo yanaua. Nimewahi kufungua bandeji ya mama aliyekaa miaka miwili kwa sababu jirani alimwambia "usikubali chuma". Titi limepasuka, harufu inafika korido, yeye anajifunika na kuniomba radhi mimi. Aniombe radhi kwa lipi? Alifikishwa pale na sentensi kama yako.

Mzee wa Mtaa wa Pili
Marahaba. Kwa hiyo mimi ni muuaji? Mimi niliyeuza ng'ombe wawili kumpeleka? Nyie vijana wa hospitali mkiona mtu hana cheti mnadhani hana macho. Nimesema nilichokiona. Kabla ya kisu anatembea, baada ya kisu hatembei. Nieleze hapo.

Sista Wodi ya Nne
Sikukuita muuaji, nimesema maneno. Soma tena.

Mzee wa Mtaa wa Pili
Maneno yametoka kwangu, hayakutoka kwa mbuzi.

Mpasuaji wa Kanda
Naomba niingie, maana hii ya chuma naulizwa kliniki kila wiki, na sipendi tunavyoijibu kwa kukemea. Mzee, ipo mahali unachosema kina chembe ya ukweli. Kansa ya jicho ya watoto wadogo, retinoblastoma, hatuichomi sindano, tunaogopa kuimwagia seli nje ya jicho. Korodani yenye uvimbe hatuitoboi kupitia pumbu, tunaitoa nzima kupitia kinena. Ini lenye ugonjwa wa siku nyingi, CT skani ikionyesha alama zote za kansa, mara nyingi hatukati kinyama kabisa. Na uvimbe wa misuli au mfupa, sindano inapitishwa pale ambapo mpasuaji atakuja kupaondoa, ili njia ya sindano itoke pamoja na uvimbe.

Hizo ndizo tunazozijua na tunaziepuka. Titi halimo humo. Na watu wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha mwaka 2015 hesabu ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kansa ya kongosho. Waliochomwa sindano kabla ya upasuaji nusu yao waliishi miezi 22 au zaidi, wasiochomwa miezi 15. Kama sindano ingekuwa inasambaza kwa namna unayoiona wewe, hesabu ingegeuka.

Mama mkwe wako, Mungu amrehemu, alikatwa mwaka wa nne. Kwa miaka minne ugonjwa ulikuwa unatembea ndani yake akiwa shambani. Kisu kilifika mwisho, kwa hiyo ndicho kilichoonekana.

Ngalawa
Subiri daktari. Kwa hiyo mnajua zipo ambazo zikiguswa zinasambaa, na hamkuwahi kusema? Mtu anasaini karatasi ya ridhaa hajui kitu. Huu ndio usiri ninaoulalamikia tangu juu.

Mzee wa Mtaa wa Pili
Asante Ngalawa. Amekiri mwenyewe.

Mpasuaji wa Kanda
Nimekiri nini? Nimetaja jicho, korodani, ini na misuli. Nionyeshe nilipoandika titi.

Jaduong' wa Kondele
Naandika kutoka Kisumu. Mzee, mimi nina swali moja tu kwako. Kakangu alitokwa na tezi shingoni, akawa anatokwa jasho usiku mpaka shuka zinaanikwa kila asubuhi, uzito unashuka. Tukaenda kituo kimoja, wakasema ni TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, picha ya kifua haikuonyesha kitu, bado akaanzishiwa dawa za TB, za miezi sita. Akazimeza zote, hakuruka hata siku moja, mimi ndiye nilikuwa namhesabia vidonge. Tezi zikaongezeka zikafika kwapani. Mwezi wa saba ndipo mtu akafikiria kutoa tezi moja ipelekwe maabara. Jibu likaja Hodgkin. Hiyo ni kansa inayopona ikiwahiwa, madaktari walituambia hivyo wenyewe. Kakangu hakuwahiwa.

Miezi yote ile hakuguswa na chuma. Hakuguswa na wembe, hakuguswa na sindano ya kunyonya tezi. Sasa mzee, kakangu aliuawa na kisu kipi?

Sista Wodi ya Nne
Pole sana, ndugu yangu.

Ngalawa
Pole, ndugu. Lakini ona, hii inarudi kwenye hoja yangu. Kungekuwa na njia ya kutuma slaidi nje, wangeshituka mapema.

Jaduong' wa Kondele
Ngalawa, slaidi gani? Hakukuwa na slaidi. Huwezi kutuma picha ya kitu ambacho hakijakatwa. Soma kabla ya kujibu.

Mwana wa Kibuli
Hii habari ya "nje" inanigusa, mimi ni wa Kampala. Dunia nzima inajua kansa ya Burkitt, uvimbe wa taya wa watoto. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji hapa Mulago, akaandika mwaka 1958. Vipande vya uvimbe wa watoto wetu vikawa vinapakiwa kwenye ndege Entebbe kwenda London kwa mtafiti Epstein. Ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, chupa ilipofika maji yake yamekuwa kama ya kuoshea mchele, wakadhani imeoza. Kumbe ni seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Kwenye seli hizo ndipo virusi vya Epstein-Barr vilipoonekana, mwaka 1964. Jina la virusi likaandikwa kule. Yule mtoto mwenye taya, nani anamjua? Kwa hiyo mkisema tutume nje, tutume, lakini ulizeni pia bloku ya nta yenye kinyama inabaki kwa nani.

Ngalawa
Umenisaidia. Bila ya kutuma London wasingejua ni kansa gani.

Mwana wa Kibuli
Hapana, hapo umekosea kabisa. London waliona virusi. Kwamba ule uvimbe ni wa aina ya limfoma, kansa ya seli za tezi, ulisomwa kwa hadubini hapa hapa Mulago na O'Conor, mtaalamu wa patholojia. Alikuwa Mmarekani, lakini alikuwa amekaa Kampala, mgonjwa yuko wodini chini, na Burkitt anaweza kupanda ngazi akamuuliza. Hilo ndilo ninalolitaka mimi, msomaji awe karibu na kitanda.

Ngalawa
Mmarekani aliyekaa Kampala. Sawa. Na sasa hivi Kange nani amekaa?

Fundi wa Slaidi
Muhimbili wanafundisha wataalamu hawa, kila mwaka wanatoka. Wachache, ndiyo, lakini wanatoka. Wakipangiwa mkoa wanakuta hadubini moja, na fomalini inayonunuliwa kwa kuchanga. Naomba tu mtu aulize bei ya lita moja ya fomalini kabla ya kuuliza bei ya akili mnemba.

Mama Tunu wa Kange
Nimerudi. Mada yangu mmeipeleka Kampala na Kisumu, sijakasirika, nimesoma yote. Jana Alhamisi nilifanya kama alivyosema Fundi. Nimekwenda na mdogo wangu mpaka dirisha la maabara, nikaomba namba ya sampuli. Yule kijana akafungua daftari, akapitisha rula mstari kwa mstari kuanzia tarehe tuliyokatwa. Hakuna jina. Akarudia kurasa zote mpaka juzi. Hakuna.

Tukapanda chumba cha upasuaji mdogo. Sista mmoja akatusikiliza, akaingia ndani, akarudi ameshika kichupa chenye plasta ya jina la mdogo wangu, mwandiko wa kalamu ya bluu. Kilikuwa kwenye rafu nyuma ya maboksi ya glovu. Hakijawahi kutoka chumba kile. Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na msomaji aliyesafiri. Wiki sita tunapiga simu tunaulizia kitu ambacho hakuna aliyekipokea.

Yule sista alilia. Mimi sikuweza.

Fundi wa Slaidi
Dada, kichupa kina fomalini au maji ya chumvi? Kama ni fomalini na kinyama kimezama vizuri, slaidi bado inaweza kusomeka, jibu la ni kansa au si kansa mtalipata. Shida ni vipimo vya homoni, vile vinavyoamua kama atapewa dawa ya tamoksifeni. Mwongozo unataka nyama ikae kwenye fomalini kuanzia saa 6 hadi saa 72. Wiki sita si saa 72. Huenda wakaomba kinyama kingine.

Mama Tunu wa Kange
Ni fomalini, imezama. Kimepelekwa maabara jana hiyo hiyo, nimekishika mwenyewe mpaka dirishani na namba nimeiandika kiganjani. Na wamesema hivyo hivyo, Jumatatu aje wachukue kingine.

Lakini mdogo wangu hataki. Uzi huu anausoma tangu mwanzo. Amesoma mpaka pale kwa Mzee wa Mtaa wa Pili, akaniambia, dada, wamenikata mara moja na uvimbe umekua, wakinikata mara ya pili je?

Mpasuaji wa Kanda
Mwambie uvimbe umekua kwa sababu umekaa wiki sita bila tiba.

Mama Tunu wa Kange
Nimemwambia. Anasema daktari lazima aseme hivyo.

Mzee wa Mtaa wa Pili
Sikujua kama anasoma.

Mwanangu, kama uko hapa, nisikilize. Mama mkwe wangu alituonyesha ule uvimbe mwaka wa kwanza kabisa, ukiwa kama harage. Mke wangu alitaka ampeleke kesho yake. Mimi ndiye niliyesema asiguswe na chuma. Miaka minne yote ile nilikuwa namzuia mimi. Ng'ombe niliwauza mwaka wa mwisho. Hayo sikuyaandika kule juu. Daktari ameandika kwamba kisu kilifika mwisho, nimelala nayo hiyo sentensi siku mbili. Nenda Jumatatu, mwanangu.

Ngalawa
Mzee.

Mama Tunu wa Kange
Amesoma. Simu anayo yeye sasa hivi, mimi naandikia ya mume wangu. Ameuliza kitu kimoja tu, Jumatatu aende bila kula?

Sista Wodi ya Nne
Hapana, ni ganzi ya pale pale kwenye titi. Anywe chai, ale na kitafunio. Avae blauzi ya vifungo vya mbele. Na asiondoke mpaka aone kichupa kimeandikwa kwenye daftari.