Sanskrini ndani ya nyumba, kuna haja kweli?

Binti_Tabata: Wapendwa habari zenu, naomba kueleweshwa. Kazi zangu nafanyia home, kuna siku sitoki mpaka jioni naenda kununua mboga, na meza nimeweka dirishani maana ndo kwenye upepo. Nina madoa meusi ya chunusi yanaelekea mwaka hayaishi, sasa shosti angu anasema nipake sanskrini (mafuta ya kukinga jua) kila asubuhi hata kama nashinda ndani. Kachupa elfu 35 jamani na jua lenyewe silioni! Ni kweli au kwa vile anauza yeye 😅

Mpemba_Mweupe: Anauza ila hajakudanganya. Jua lina mionzi ya aina mbili, UVB ndo inayobabua, hiyo kioo cha kawaida kinaizuia karibu yote, UVA ndo inapita kwenye kioo na ndo inakoleza madoa na kuleta mikunjo, kwa hiyo huungui husikii chochote ila doa linazidi kuiva tu. Halafu umesema upepo, yani dirisha liko wazi, hapo hata hicho kioo huna.

Baba_Semi: Mi napiga Dar Tunduma mwaka wa 11, shavu la kulia jeusi kuliko la kushoto, wife ndo aliniambia nikabisha mpaka akanipiga picha. Usukani uko kulia si unaona

Kaka_Mkavu: Weusi tuna melanini nyie, ile rangi ya asili ya ngozi, msimalizie binti wa watu hela. Sogeza meza, weka pazia zito, bure kabisa

Dada_wa_Duka_la_Dawa: Pazia sawa nakuunga mkono, ila melanini haizuii madoa kaka, tena ngozi nyeusi hata ule mwanga wa kawaida wa mchana unayakoleza. Ndo maana mwenye madoa tunampa ile yenye rangi ya ngozi, ina oksidi ya chuma inayozuia huo mwanga, na haikuachi kama umetoka kusaga unga. Bibie angalia kwenye boksi pawe na UVA ndani ya duara, ile namba ya SPF peke yake inapima hasa UVB so hata 50 kwa mtu wa dirishani haitoshi. Paka mistari ya vidole viwili uso na shingo, sio kitone. Taa na simu usiziogope, ni kidogo mno. Na kama kuna mkorogo unapaka usiku (siulizi) acha kwanza

Binti_Tabata: Hahaha mkorogo sina dada. Meza nshahamisha, joto balaa. Kumbe ya shosti ni nyeupe na duara sioni, ngoja nimuulize kama ana hiyo ya rangi