Idi Amin aliwarudishia Waganda uchumi wao? Tujadili kwa hoja

Wakuu, kuna kauli inazidi kushika kasi kwa vijana wa Uganda, na hata kwa vijana wetu hapa Tanzania: kwamba Idi Amin alikuwa mzalendo aliyechafuliwa jina na wazungu. Aliwafukuza Wahindi, akawapa wazawa maduka na viwanda, akawatia Waingereza adabu, na kosa lake ni kukataa kupiga magoti. Mauaji, wanasema, yametiwa chumvi. Naiweka mezani tuichambue. Niseme mapema kwamba naipinga, ila sababu zangu si zile mlizozoea.

Habari za kula nyama za watu sitazigusa. Hazina ushahidi wa maana, na ndizo zinazowapa nguvu watetezi wake: kijana akishagundua kwamba friji lenye vichwa vya watu ni porojo, anaona na mengine yote ni porojo. Kadhalika ile picha ya Amin mchekeshaji, medali zimejaa kifuani, "Mshindi wa Dola ya Kiingereza", amebebwa kwenye kiti na wafanyabiashara wa Kiingereza. Wazungu walicheka, nasi tukacheka. Mtu yule hakuwa mjinga hata chembe. Aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946 bila elimu ya kueleweka, akapanda hadi mkuu wa majeshi, kisha akakaa Ikulu miaka minane akiwazidi ujanja wasomi waliodhani watamtumia halafu wamtupe.

Haki yake tumpe kwanza. Alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, watu Kampala walicheza ngoma barabarani, na hawakulazimishwa. Obote alikuwa ameichana katiba mwaka 1966, akapeleka jeshi kuvamia kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Lubiri, na Kabaka huyo, Mutesa, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Amin akawafungua wafungwa wa kisiasa, akauleta mwili wa Kabaka ukazikwa kwa heshima Kasubi. Waganda wengi wa Buganda hawajalisahau hilo, na siwalaumu. Ila aliyeongoza askari Lubiri mwaka ule wa 1966 ni nani? Amin huyo huyo. Na serikali zilizompokea kwa furaha alipochukua nchi zilikuwa za Uingereza na Israel. Anayemwita adui wa mabeberu tangu kuzaliwa aanze kwa kulieleza hilo.

Sasa Wahindi, maana hapa ndipo mjadala ulipo.

Malalamiko yalikuwa ya kweli. Mkoloni aliupanga uchumi wa Uganda kwa ngazi: Mwafrika alime pamba na kahawa, Mhindi anunue, achambue na auze, Mwingereza atawale na achukue cha juu. Mwafrika aliyetaka kufungua kinu cha kuchambulia pamba alikuta mlango umefungwa kwa sheria na kwa mtaji. Buganda waliwahi kususia maduka ya Wahindi mwaka 1959, Amin akiwa bado askari wa Malkia. Obote alileta sheria ya leseni za biashara mwaka 1969, Kenya nao walikuwa na ya kwao. Sisi wenyewe mwaka 1971 tulitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, tukazikabidhi kwa Msajili wa Majumba, na kila mtu anajua wengi walionyang'anywa walikuwa wa asili gani. Kwa hiyo Mtanzania asijifanye mtakatifu kwenye jambo hili. Wapo waliojenga nyumba kwa jasho lao, wakaamka asubuhi ni wapangaji.

Lakini hebu tuangalie Amin alifanya nini hasa, tarehe kwa tarehe.

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa kwa wanajeshi Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke. Wakapewa siku 90. Baadaye amri ikapanuka, ikarudi nyuma, ikapanuka tena, na hata wenye uraia wa Uganda wakapangishwa foleni kuhakikiwa karatasi zao. Maelfu walifutiwa uraia kwa sababu ya cheti kilichopungua au tarehe isiyolingana. Mtu aliyezaliwa Jinja, baba yake kazaliwa Jinja, anaambiwa wewe si wa hapa. Kwenye barabara ya kwenda Entebbe askari waliweka vizuizi, wakipekua masanduku na kuvua watu saa na bangili.

Ndani ya siku hizo hizo 90, tarehe 21 Septemba, watu wa usalama waliingia Mahakama Kuu Kampala, wakamtoa ofisini Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka. Huyu si Mhindi. Ni Mganda, Mkatoliki wa Masaka, aliyewahi kuwa waziri mkuu kabla ya Obote, na ambaye Amin mwenyewe alimtoa gerezani mwaka 1971 na kumpa ujaji mkuu. Kosa lake linalotajwa sana ni kuamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kumweka mtu kizuizini kiholela. Aliyekuwa amekamatwa alikuwa Mwingereza. Kiwanuka hakuonekana tena. Muda mfupi baadaye akachukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Naye hakurudi.

Naomba mtetezi wa Amin asimame hapo kidogo. Mnasema alichukua kwa wageni akawapa wazawa. Mbona katika miezi ile ile mzawa aliyesimamia sheria aliuawa kwa kuisimamia? Serikali ikishaweza kumwambia raia kwamba karatasi yako haina maana tena, haihitaji amri mpya kumwambia hivyo jirani yake mweusi. Wahindi wengi walipona kwa sababu ndege ziliwasubiri. Kiwanuka alikuwa na nchi moja tu.

Na mali je? Iliundwa bodi ya kusimamia mali zilizoachwa. Kwenye karatasi, waombaji walipaswa kuchujwa. Kwenye mitaa, kamati zenye wanajeshi zilipita Kampala Road na Jinja zikionyesha kidole: hili lako, lile la fulani. Maafisa wa jeshi na watu wao wakapata maduka, magari, nyumba za Kololo. Waganda wenyewe wakawapa jina, wakawaita mafuta mingi. Jina hilo halikutungwa na BBC. Lilitungwa na watu waliokuwa kwenye foleni ya sukari.

Kuna simulizi maarufu ya askari aliyepewa duka akaulizwa bei ya shati, akatazama kola, akaona 15, akasema shilingi kumi na tano. Siipendi sana, ina harufu ya dharau kwa mtu asiyesoma. Kilichoua maduka hakikuwa ujinga wa kola. Duka la Mhindi lilikuwa kituo kwenye mnyororo: alichukua mali kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla, ambaye naye alikopa kwa mwagizaji wa Mombasa, na wote waliaminiana kwa jina la ukoo. Askari alirithi rafu tu, ule mkopo haukurithika. Akauza kilichokuwepo, na kilipokwisha, kikawa kimekwisha. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vikilisha nchi na kuuza nje, vilidhoofika hadi Uganda ikakosa sukari, nchi yenye mashamba ya miwa yanayoonekana kutoka barabarani. Neno lililotawala uchumi likawa magendo. Kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, na mkulima aliyeipeleka kihalali alikopwa au alilipwa kwa fedha isiyonunua kitu.

Sasa lile la kuwatia Waingereza adabu. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda sana, na Uganda ikapata fedha za kigeni ambazo zingeweza kujenga viwanda vilivyokufa. Sehemu yake ilikwenda wapi? Ndege za serikali zilikuwa zikienda uwanja wa Stansted, Uingereza, zikirudi na wiski, redio na vitu vya anasa kwa ajili ya maafisa wa jeshi. Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Amin mwaka 1976, lakini pombe iliendelea kupakiwa. Mpinga ubeberu gani huyo, jeshi lake linalewa kwa ankara ya beberu wakati Jinja hakuna sabuni?

Kuhusu idadi ya waliouawa, nakubali kwamba hakuna hesabu kamili. Makadirio yanaanzia makumi ya maelfu na kufika laki tatu au zaidi, na hakuna aliyehesabu makaburi. Ila anayesema ni uzushi wa wazungu namkumbusha kwamba mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Saied. Tume ile ilifanya kazi katika mazingira ya hofu, ikasikiliza habari za watu zaidi ya 300, na ikavinyooshea kidole vyombo vyake mwenyewe vya usalama. Kisha Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, wakafa mikononi mwa serikali, tukaambiwa ni ajali ya gari. Miili ilikuwa na risasi.

"Obote aliua zaidi, kule Luwero." Hoja hii ina uzito, siikimbii. Awamu ya pili ya Obote, baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, ilimwaga damu nyingi mno, na West Nile walilipiziwa kisasi kwa dhambi ya kuzaliwa upande mmoja na Amin. Waulizeni watu wa Arua kuhusu mauaji ya misheni ya Ombaci mwaka 1981. Waislamu wa Ankole nao walichinjwa mwaka 1979 kwa sababu tu Amin alikuwa wa dini yao. Lakini mauaji ya Obote yanamsafishaje Amin? Askari wa Kiacholi na Kilangi (Obote ni Mlangi) waliuawa makambini mwaka 1971, miezi michache tu baada ya mapinduzi. Waliorudi na bunduki mwaka 1979 na baada yake walikuwa na kumbukumbu hiyo. Ukiandika orodha ya waliofungua mlango ule wa kisasi, Obote wa 1966 yumo, na Amin yumo kwa herufi kubwa.

Nimalizie na la kwetu, maana nasikia wengine wanasema Nyerere ndiye aliyemchokoza. Kuna ukweli nusu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea ardhi yetu, wakashindwa vibaya, na Mkataba wa Mogadishu ukasainiwa Oktoba mwaka huo. Tulimhifadhi Obote, hilo halina ubishi. Lakini 1978 ni habari nyingine. Jeshi la Amin lilivuka mpaka Mutukula mwezi Oktoba, likaua wakulima, likaswaga ng'ombe, likapora kiwanda cha sukari cha Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka walilipiga mabomu kwa ndege wakashindwa, wakaleta mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe akalilipua. Mnaoikumbuka ile hotuba ya Nyerere ya uwezo, nia na sababu, sababu ndiyo hiyo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Tulilipa. Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi 18, na kila aliyepanga foleni ya sabuni miaka ya themanini anajua mikanda ile ilifunguliwa lini. Vita haikuwa sababu pekee, mafuta yalipanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika, lakini ilikuwa sababu. Wenzetu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, nao, Sudan na Nigeria wakiwa mbele, walitulaumu kwenye mkutano wa Monrovia kwa kumwondoa rais wa nchi jirani. Walimpa Amin uenyekiti wa umoja ule mwaka 1975, Kampala, mkutano ambao Tanzania ilikataa kwenda. Hapo naona lawama yetu wenyewe kama Waafrika: tulimkubali kwa sababu aliwatukana wazungu vizuri.

Basi watetezi, uwanja ni wenu. Msiniletee video ya Amin akicheza kodiani wala hotuba zake kuhusu Uingereza. Nitajieni kiwanda kimoja kati ya vilivyotwaliwa mwaka 1972 ambacho mwaka 1979 kilikuwa kinazalisha zaidi, na mniambie nani alikuwa anakimiliki. Halafu mnieleze Kiwanuka alimkosea nini mzawa.